Adrien Atiman, Mganga wa Karema

Mtu akitoka Ankoro, pale maji ya Luvua yanapoingia katika Lualaba, akasafiri siku nyingi kuelekea upande linapotoka jua, mwisho wake atafika ufukoni pa ziwa Tanganika. Huko ataikuta misioni ya zamani iitwayo Mpala. Ng'ambo ya ziwa, karibu kutazamana na Mpala, iko misioni nyingine ya zamani kama hiyo, nayo ni Karema. Hapo Karema aliishi mganga mmoja muda wa miaka 67. Jina lake Adrien Atiman. Lakini hakuzaliwa Karema, wala katika nchi yo yote ya ziwa.

Alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu. Siku hizi nchi ile inaitwa Mali. Tazameni ramani ya Afrika, mtaona ni mbali namna gani. Alipokuwa mtoto mdogo, wa kimo cha wale wanaoanza kujifunza herufi, alikamatwa na Watuareg, watu wa jangwani wapandao ngamia. Wakamchukua mbali na wazazi wake, wakamwuza Timbuktu kama vile watu wauzavyo mbuzi.

Wale walionunua watumwa Timbuktu waliwavusha jangwa la Sahara kuwapeleka kaskazini. Jangwa lile ni kavu sana. Msafara ulikwenda kutoka kisima hata kisima, na kati ya visima viwili mtu akianguka hakuokotwa. Watumwa wengi walianguka. Atiman alifika hai mpaka Metlili, kusini ya Algeria. Huko Mapadri Weupe walimwona sokoni, wakamnunua ili wamfungue. Ulikuwa mwaka 1876. Mwaka ule ule mapadri watatu wa shirika lao waliondoka Metlili kuitafuta njia ya Timbuktu, nao wakauawa jangwani. Njia ambayo mtoto yule ameipita katika utumwa, wao hawakuimaliza.

Labda mtoto atauliza: je, ni haki kumnunua mtu, hata kwa kumfungua? Wamisionari wenyewe waliulizana hivyo. Wengine walisema kwamba mwuza watumwa akipata fedha leo, kesho atakwenda kukamata wengine. Ni neno la kweli. Lakini mtoto asimamaye juani mbele ya mnunuzi hawezi kungoja mpaka wakubwa wamalize mashauri yao.

Mkubwa wa Mapadri Weupe alikuwa Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, ambaye baadaye Baba Mtakatifu alimfanya Kardinali. Bwana huyu hakutaka watoto waliokombolewa wakae tu kula na kulala, wala wawe watumishi wa Wazungu. Aliwatia shuleni. Tena aliwaza hivi: Afrika itapata dini na maendeleo kwa mikono ya Waafrika wenyewe. Akachagua vijana wenye akili, akaamua wajifunze uganga. Mganga hupokelewa katika kila nyumba, hata katika nyumba ambayo padri mgeni angefungiwa mlango. Basi mwaka 1881 Atiman na wenzake walipelekwa katika kisiwa cha Malta, katikati ya bahari ya Mediteranea, wasome katika chuo kikuu cha huko.

Fikirini kazi iliyowangoja. Atiman alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi. Lugha ya kwao alikuwa ameiacha Niger. Sasa alitakiwa kujifunza lugha za kigeni, kisha majina ya mifupa yote ya mwili, na mishipa, na maradhi, na dawa zake, na namna ya kukata kidonda bila kumwua mwenye kidonda. Alisoma hivyo miaka saba. Alibatizwa, akaitwa Adrien. Si wote walioanza naye waliomaliza.

Lavigerie aliwapa vijana hao agizo moja la busara sana. Aliwaambia wasiige maisha ya Ulaya. Wale chakula cha wenyeji, walale kama wenyeji, waoe katika nchi watakayotumwa. Kusoma kulikuwa kwa ajili ya kuwasaidia ndugu zao, si kwa kujitenga nao.

Mwaka 1888 Atiman aliagizwa aende ziwa Tanganika. Ndio mwaka ule ambao Kardinali Lavigerie alihubiri Paris, London na Bruxelles juu ya biashara ya watumwa, akawaeleza watu wa Ulaya jinsi vijiji vya Afrika vilivyokuwa vikichomwa moto na watu wake kufungwa minyororo. Yeye alisema, kijana wake alikwenda. Alisafiri kwa meli mpaka Unguja, kisha kwa miguu kupitia Tabora, zaidi ya kilometa 1000, pamoja na wapagazi na mizigo ya misioni. Njia ile ile watumwa waliletwa pwani. Mtu aliyepita Sahara akiwa amefungwa sasa alikuwa akienda kinyume chao, mkononi ana sanduku la dawa.

Alifika Karema mwaka 1889. Misioni ilikaa ndani ya boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, kisha likapewa Mapadri Weupe mwaka 1885 pamoja na boma la Mpala. Boma la Karema lilipojengwa lilikuwa karibu na maji, lakini ziwa lilipungua mwaka hata mwaka likaliacha mbali. Sababu yake iko upande wa Kongo: mto Lukuga, ule unaotoka ziwani pale Kalemie, ulikuwa umeziba kwa matope na majani. Maji yalipoupasua mlango huo, ziwa likashuka.

Watoto wengi wa misioni ya Karema, kama wale wa Mpala, walikuwa watumwa waliokombolewa. Wengine hawakujua tena jina la kijiji chao. Mapadri waliweza kuwahurumia, lakini Atiman aliweza kuwaelewa.

Kazi ilikuwa nyingi. Walikuja watu wenye vidonda ndugu, watu wa ndui, wenye homa, watu walioumwa na mamba au chui, wanawake walioshindwa kuzaa. Yeye alikuwa mganga na pia katekista: alitibu mwili, kisha alifundisha dini. Dawa za Ulaya zilichukua miezi mingi kufika, tena zikaisha upesi. Kwa hiyo hakudharau dawa za wenyeji. Alijifunza miti na mizizi yao, akachagua ile yenye kufaa. Mtu mwingine aliyesoma miaka saba katika chuo kikuu angeona haya kumwuliza mzee wa kijijini.

Si rahisi mtu kumwachia mgeni amkate kwa kisu. Imani ya namna hiyo haiji kwa maneno. Huja polepole, mgonjwa mmoja akipona na kurudi kwao kwa miguu yake, na jirani zake wakimwona.

Atiman alioa Karema. Mke wake aliitwa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Hivi mtoto aliyeuzwa sokoni Timbuktu akawa mkwe wa mtemi. Walipata mtoto wa kiume, Joseph. Kijana huyo aliingia seminari, akasoma, na mwaka 1923 akapewa upadri, akiwa mmoja wa mapadri wa kwanza wa nchi ile. Ni desturi ya Kanisa watu kupiga magoti kupokea baraka ya padri mpya.

Mambo ya nchi yaligeuka mara nyingi mbele ya macho yake. Biashara ya watumwa ilikwisha ziwani. Wadachi walitawala Karema, wakatolewa katika vita. Wakaja Wabelgiji, wakaja Waingereza. Kapteni Joubert, aliyewalinda watu wa Mpala kwa bunduki wasikamatwe, alikufa mwaka 1927. Mganga wa Karema alikuwa bado kazini. Nywele zake zilipokuwa nyeupe aliwatibu wajukuu wa wagonjwa wake wa kwanza. Alipewa nishani za heshima, akazipokea, akarudi kwa wagonjwa.

Alikufa tarehe 24 Aprili 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Vijana wa siku zile wangeweza kuhesabu, mmoja baada ya mwingine, kwamba yeye, na baba yake, na mama yake, walikuwa wamepita mikononi mwa mzee Atiman.