Stephen Cole Kleene (1909–1994) na Chimbuko la Fomula za Ruwaza

Stephen Cole Kleene alizaliwa tarehe 5 Januari 1909 huko Hartford, katika jimbo la Connecticut, Marekani. Alihitimu shahada ya kwanza katika Chuo cha Amherst mwaka 1930, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Princeton, ambako Alonzo Church alimwongoza hadi akatunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 1934. Mwaka uliofuata, yeye na J. B. Rosser walithibitisha kuwa mfumo wa mantiki uliobuniwa na mwalimu wao ulikuwa na mkinzano ndani yake. Sehemu ya mfumo huo iliyonusurika ilikuja kuwa mojawapo ya nguzo za nadharia ya ukokotoaji.

Mwaka 1935 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Ukiondoa kipindi kifupi cha Amherst na miaka ya vita alipolitumikia jeshi la majini, huko ndiko alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 1979.

Mchango wake ulioenea zaidi ulitokana na kazi ya msimu mmoja. Katika majira ya joto ya mwaka 1951, akiwa mgeni wa Shirika la RAND huko California, alichunguza mitandao ya neva iliyokuwa imeelezwa na Warren McCulloch na Walter Pitts mwaka 1943. Swali lilikuwa hili: mashine yenye idadi maalumu ya hali inaweza kutambua mifuatano ipi ya ishara? Jibu lake, lililochapishwa mwaka 1956, ni kwamba hutambua ile tu inayoweza kuelezwa kwa kuchagua, kuunganisha na kurudia. Kurudia huonyeshwa kwa alama ya nyota, ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake.

Kanuni hii yaweza kudhihirishwa kwa kitenzi cha Kiswahili. Fomula (ni|u|a|tu|m|wa)(na|li|ta|me)soma hukubali maneno 24, yakiwemo “ninasoma” na “watasoma”, na hukataa “nanisoma”. Katika miaka ya 1990, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitumia mbinu za jamii hiyo kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta.

Aidha, nadharia hiyo ilibainisha mipaka yake yenyewe. Hakuna fomula ya namna hii iwezayo kuhakiki mabano yaliyofumbatana kwa kina chochote kile, kwa kuwa mashine haina kumbukumbu ya kutosha kuyahesabu. Vilevile, fomula huhakiki umbo tu: ile inayodai tarakimu mbili za siku na mbili za mwezi itaikubali siku ya 45 ya mwezi wa 99.

Kuhusu istilahi, Kleene aliiita mifuatano hiyo kuwa ya kawaida, lakini akawaalika wasomaji wapendekeze neno lenye kueleza zaidi. Neno la muda likadumu, kama yatokeavyo mara nyingi katika uundaji wa istilahi.

Mwaka 1968 Ken Thompson alichapisha mbinu ya kutafuta matini kwa fomula hizo, na tangu hapo zikawa zana ya kila siku ya watumiaji wa kompyuta. Kleene alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 1990, akafariki mjini Madison tarehe 25 Januari 1994. Utafiti ulioanzia katika neva umewaachia wanaisimu kipimo cha kubainisha ni sehemu ipi ya lugha iwezayo kuelezwa bila kumbukumbu isiyo na kikomo.