Bwana Krapf na Ahadi ya Vuga

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, Ujerumani. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule akafiwa na mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Aliwaarifu waliomtuma kwamba kaburi lile ni dalili ya kazi iliyoanza. Huko Rabai mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete, aliyezaliwa mara ya pili hali yu karibu kufa. Mmoja tu, baada ya taabu nyingi!

Mwaka 1848 Krapf akapanda milima ya Usambara mpaka Vuga, akamwomba mfalme Kimweri ruhusa ya kuleta walimu wa Injili. Kimweri akakubali, na Krapf alipomrudia mwaka 1852, hakulikana neno lake. Lakini Krapf akaugua, akarudi Ulaya mwaka 1853. Kimweri naye akafa mwaka 1862, walimu hawajaja bado.

Krapf alikufa Korntal mwaka 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1891, wamisionari Wohlrab na Johanssen wakafika Mlalo, wakajenga.