Grzimek: Mjerumani aliyehesabu nyumbu wa Serengeti

Wadau, leo naweka stori ya mzee ambaye wengi wetu huku Kinondoni na Temeke tunasikia jina lake tu: Profesa Bernhard Grzimek. Ukimwelewa huyu, utaelewa kwa nini Serengeti ina nyumbu milioni 1 na ushee lakini simba wanakadiriwa kama 3,000 tu.

Jamaa alizaliwa 1909 mji wa Neisse, enzi hizo Ujerumani, siku hizi ni Nysa ya Poland. Alisomea udaktari wa mifugo. Mwaka 1945, Frankfurt ikiwa magofu ya vita, akakabidhiwa bustani ya wanyama ya mji huo, akaiongoza mpaka 1974. Kwenye televisheni ya kwao alikuwa staa. Alikuwa anaingia studio na mnyama mzima mzima.

Kilichomleta kwetu ni ugomvi wa mipaka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Waingereza walitaka kuimega Hifadhi ya Serengeti, upande wa Ngorongoro utoke. Grzimek na mwanawe Michael wakajifunza urubani, wakaja na kandege walikokapaka mistari ya pundamilia, na 1958 wakaanza kuhesabu wanyama kutoka angani. Walipata kama 367,000, na kati yao nyumbu walikaribia 100,000. Wengine waliwavisha mikanda ya rangi shingoni ili wajue wanaelekea wapi. Wakaona nyumbu hana habari na ramani ya mtu. Yeye anafuata majani, hata kama yako nje ya mpaka.

Hapa ndipo penyewe. Chukulia jua ni muuza vocha, na majani ndiyo yenye simu. Majani yakiwa na salio la 10,000, nyumbu akiyala anabaki na kama 1,000 mwilini. Nyingine imeishia kwenye kutembea, kupumua, joto na mavi. Simba akimla nyumbu anabaki na 100. Hata mshikaki wa Mbagala Rangi Tatu ni majani yaliyokatwa sana njiani! Ndiyo maana simba hawezi kuwa wengi kama nyumbu, na ukifunga njia ya majani umewafunga wote waliopo juu yake.

Ushahidi ulikuja baadaye. Ng'ombe wa wafugaji jirani walipochanjwa sotoka, ndama wa nyumbu wakaacha kufa ovyo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walishapita milioni 1. Majani marefu yakaliwa, moto wa nyika ukakosa cha kuunguza, miti ikaanza kurudi, na simba wakaongezeka.

Michael hakuyaona hayo. Tarehe 10 Januari 1959 alikuwa peke yake angani, ndege ikagongana na tumbusi, ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Baba akamalizia kazi, na filamu yao ya Serengeti ikapata Oscar 1960.

Ila mipaka ilimegwa vilevile mwaka huohuo wa 1959, na Wamasai wakatolewa Serengeti kupelekwa Ngorongoro. Grzimek alitaka hifadhi isiyo na watu kabisa. Hapo mimi simuungi mkono, maana ng'ombe wa Mmasai naye anakula jua lilelile, na nyumbu waliishi naye miaka nenda rudi bila kwisha. Tangu 2022 serikali imekuwa ikihamishia wakazi wa Ngorongoro Msomera, kule Handeni, na ubishi ni uleule. Nyie mnasemaje?

Mzee alifia Frankfurt tarehe 13 Machi 1987, akiwa kwenye onyesho la sarakasi la wanyama. Majivu yake yaliletwa Tanzania, yakazikwa alipolala Michael. Ukipita ukingo wa kreta ya Ngorongoro utaona piramidi ya mawe pembeni ya barabara. Ndipo walipo wote wawili.