Percy Smith: Karani Aliyewaonyesha Watu Ua Likichanua

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi hata imechakaa midomoni mwetu. Leo nimeonelea niwaletee habari za mtu aliyeiishi ingawa hakuijua lugha yetu. Huyu ni Frank Percy Smith, Mwingereza aliyeyachukua mambo yale yale yanayotuletea usingizi katika kipindi cha Biolojia, akayageuza kuwa sinema ambazo watu walitoa pesa zao kwenda kuzitazama.

Smith alizaliwa London mwaka wa 1880. Alipofika umri wa miaka 14 alianza kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali iliyoshughulikia elimu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kalamu na makaratasi, lakini jioni ikifika jamaa alikuwa na ulimwengu wake mwingine, nao ulikuwa chini ya hadubini. Alijiunga na chama kiitwacho Quekett Microscopical Club, chama cha wapenzi wa hadubini, na huko akajitia katika elimu ya buibui mpaka akawa mjuzi wa kuandika makala juu yao. Hebu fikirini, wenzangu: chama tu, kama hiki chetu, ndicho kilichomkuza.

Siku zikapita. Smith akapiga picha ya ulimi wa nzi kwa karibu mno, na picha ile ikamfikia Charles Urban, Mmarekani aliyekuwa na biashara ya filamu mjini London. Urban akaona hapa pana kipaji, akamtia moyo ashike kamera ya sinema. Mwaka wa 1908 filamu yao moja ikazua maneno katika magazeti. Ndani yake nzi amefungwa asiruke, miguu inatazama juu, naye anazungusha kijimpira kwa miguu yake kama mchezaji wa sarakasi! Wengine walidai eti huyo si nzi, ni mashine. Wengine wakauliza kama mdudu wa watu hakuumizwa. Smith akaeleza kwamba ni nzi wa kweli na kwamba nzi wake huachiliwa wakiwa wazima. Watazamaji walikwenda kucheka, lakini walirudi nyumbani wakijua miguu ya nzi ina nguvu kiasi gani. Huo ndio ufundi wa mwalimu mwerevu.

Mwaka wa 1909 alikutana na jambo gumu zaidi. Buibui wachanga huwa na njia ya ajabu ya kusafiri: hupanda mahali pa juu, huinua tumbo, hutoa nyuzi nyembamba za hariri, kisha upepo huwachukua wakapepea. Sasa utampigaje picha buibui mdogo namna hiyo, tena uzi wake hauonekani vizuri? Smith alitengeneza buibui wa bandia mwenye miguu ya kukunjika. Akamsogeza kidogo, akapiga picha moja. Akamsogeza tena, akapiga nyingine. Picha zile zilipoendeshwa kwa kasi, buibui akawa hai. Huu ndio uhuishaji, ama katuni kama tuziitavyo.

Hapa nataka tusimame kidogo. Je, buibui yule alikuwa uongo? Mwili wake ulikuwa wa bandia, ndiyo. Lakini kila mwendo wake uliigwa na mtu aliyekuwa amewachunguza buibui wenyewe kwa miaka. Mimi naona katuni ya elimu hupimwa kwa swali moja tu: aliyeichora alitazama kwanza, ama alijibunia? Smith alitazama kwanza.

Filamu iliyompa sifa kuu ni The Birth of a Flower, ya mwaka wa 1910. Humo maua ya aina mbalimbali, yakiwemo waridi, yanafunguka mbele ya macho yako. Siri yake ni hesabu. Tuseme ua huchukua siku 3 kuchanua, yaani saa 72. Ukipiga picha moja kila baada ya dakika 15, utapata picha 288. Sinema za zamani ziliendeshwa kwa picha kama 16 kwa sekunde moja. Gawanya mwenyewe: siku 3 zimekuwa sekunde 18! Smith hakuongeza kitu hata kimoja. Ua lilikuwa likicheza siku zote. Ni sisi tusiokuwa na subira ya kukaa kulitazama.

Na subira hiyo ilikuwa kazi kwelikweli. Mwaka ule ule wa 1910 aliacha ukarani akajitosa katika filamu. Nyumbani kwake Southgate, kaskazini mwa London, alijaza mitambo aliyoiunda kwa mikono yake kutokana na vikorokoro vya kila namna. Mimea ilikua mbele ya kamera usiku na mchana, na kengele ziliwekwa za kumwamsha usiku wa manane ikiwa filamu ndani ya kamera inahitaji kubadilishwa. Sisi kengele ya alfajiri moja tu tunanung'unika!

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, ujuzi wake ulitumiwa kutengeneza ramani za uhuishaji zilizoonyesha jinsi majeshi yalivyosonga. Watu walielewa vita upesi kuliko kwa kusoma gazeti. Lakini mstari unaotambaa juu ya ramani hauonyeshi maiti. Kwa hiyo tujue kwamba picha inayotembea inaweza kufunua jambo, na inaweza vilevile kulifunika.

Vita vilipokwisha alirudia viumbe wake. Kuanzia mwaka wa 1922 alikuwa mmoja wa mafundi wa mfululizo wa filamu fupi ulioitwa Secrets of Nature, ulioendelea hadi mwaka wa 1933, kisha ukafuatwa na Secrets of Life. Mwenzake mkubwa katika kazi hiyo alikuwa Bi Mary Field. Smith hakuchagua simba wala ndovu. Alichagua ukungu unaoota juu ya chakula kabatini, mmea unaojisokota na kuunyonya mmea mwenzake, na viumbe vya ute vinavyotambaa kwenye miti iliyooza. Vile tunavyovitupa jaani yeye aliviweka mbele ya taa, navyo vikapendeza. Mwaka wa 1941 jina lake lilitokea pamoja na la Bi Field na la J. Valentine Durden katika kitabu Cine-Biology, kuhusu filamu za namna hiyo. Alifariki mwaka wa 1945.

Wenzangu, kwa nini nimewachosha na habari za Mzungu na nzi wake? Ni kwa sababu wengi wetu tunaisoma Biolojia kama orodha ya majina ya kumeza usiku na kutapika asubuhi ya mtihani. Mchoro wa ubaoni umesimama tuli, basi tunadhani na uhai wenyewe umesimama. Kumbe kila mchoro ule ni picha moja iliyochomolewa katika sinema ndefu!

Jaribuni jambo hili, halihitaji pesa. Weka mbegu ya haragwe kwenye pamba yenye unyevu. Kila asubuhi na kila jioni itazame vizuri, kisha uichore kwenye pembe ya ukurasa wa daftari kuukuu, ukurasa baada ya ukurasa, mahali pale pale. Usichore usichokiona. Baada ya wiki mbili zipitishe kurasa upesi kwa kidole gumba. Utaona mzizi ukishuka, shina likijipinda na kuinuka, majani yakifunguka. Na siku mtihani utakapouliza hatua za uotaji wa mbegu, hutahangaika kukumbuka, maana utakuwa umeiona ikiota.

Kwa hayo machache naomba kukomea hapa. Anayetaka daftari kuukuu la kuanzia na aje tuonane.