Mekatilili wa Menza, Mama Yetu wa Ugiriamani

Ndugu zetu wa nyumbani na mlio mbali, mwaka huu tunamkumbuka mama ambaye sanamu yake imesimama Malindi, katika bustani iliyojulikana kama Uhuru na sasa inaitwa kwa jina lake.

Alizaliwa Ugiriamani katika karne ya 19, akaitwa Mnyazi wa Menza. Alipojifungua Katilili, kwa desturi yetu akawa Mekatilili, yaani mama Katilili. Wazee husimulia kwamba ndugu yake mmoja alinaswa na wafanyabiashara ya watumwa, asionekane tena.

Kufikia 1913 serikali ya Kiingereza ilikuwa ikidai kodi ya nyumba na kutaka vijana wetu wakafanye kazi katika mashamba ya wazungu. Mekatilili alikuwa mjane asiye na cheo. Alitumia kifudu, ngoma ya matanga: aliicheza kijiji baada ya kijiji, na watu walipojaa akawahutubia. Pamoja na Wanje wa Mwadorikola aliwaita watu Kaya Fungo. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatashirikiana na serikali.

Oktoba mwaka huo wawili hao walikamatwa wakapelekwa Kisii, magharibi kabisa mwa nchi. Januari 1914 wakatoroka na kurudi Pwani kwa miguu, mamia ya kilomita. Agosti serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikazuka, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, waliosalia wakatozwa faini nzito. Mekatilili akakamatwa tena, akarudi nyumbani 1919. Alifariki katika miaka ya 1920, akazikwa Bungale, Magarini.

Kaya iliyolipuliwa bado ipo. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza, pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, katika urithi wa dunia.

Sanamu tunaishukuru, lakini haimlipii mtoto karo. Wasichana wetu wengi bado wanaacha shule kwa kukosa ada, na ndio tunaowachangia katika harambee ya mwaka huu. Mama huyu hakuwa na mali wala hakungoja kuombwa mara mbili. Nasi tusingoje. Kila mmoja atoe alichojaliwa, kiwe kidogo kiwe kikubwa, na jina lake litaandikwa katika daftari la chama.

Karibuni nyote. Haba na haba hujaza kibaba.