Jon Postel na Daftari la Namba za Dunia

Muulize mwanafunzi yeyote wa kompyuta hapa chuoni ni nani aliyeleta intaneti. Mmoja atakutajia Bill Gates, huyo mwache aende kwenye sapu. Mwingine atakutajia Vint Cerf, huyo mpe maksi. Jina la Jon Postel halitoki. Mimi mwenyewe nililikuta mwaka wa pili nikisoma nyaraka za zamani za mitandao, likiwa limekaa mahali pa mhariri, waraka huu, waraka ule, na ule unaofuata, mpaka nikawa najiuliza huyu bwana alikuwa analala saa ngapi.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 huko Altadena, jimbo la California, Marekani. Sekondari alisoma Van Nuys, shule ileile waliyosoma Vint Cerf na Steve Crocker. Sijui maji ya pale yalikuwa na nini. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha UCLA, akapata shahada ya kwanza 1966, ya pili 1968 na uzamivu 1974. Kwa hiyo mwaka 1969, mtandao wa ARPANET ulipofungwa kwa mara ya kwanza, ukianzia hapohapo UCLA, Postel hakuwa profesa wala bosi wa mtu. Alikuwa mwanafunzi kwenye maabara, kama hawa tunaowaona wakizunguka na laptop zao jioni wakitafuta soketi. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo walijaribu kutuma neno la kuingilia kwenye kompyuta ya taasisi ya SRI. Herufi mbili zikafika, halafu mfumo ukaanguka. Intaneti ilianza kwa kukatika, kwa hiyo sisi watu wa bando la usiku tusione ajabu.

Mitambo ilipoanza kuongezeka, ikaja shida ambayo hakuna mhandisi aliyeiona ni ya maana: nani anatumia namba ipi. Mambo mawili yakipewa namba moja, ujumbe unapotea. Mwaka 1972 Postel aliandika waraka mfupi akipendekeza awepo mtu mmoja wa kugawa namba rasmi, na kwa utani wa nusu nusu, akiweka alama ya kuuliza, akajipendekeza mwenyewe. Hakuna aliyempinga. Nani apiganie kazi ya karani? Akaanza kuweka orodha, na orodha ile akakaa nayo karibu miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Mwaka 1977 alihamia taasisi ya ISI ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, na daftari likahama naye. Baadaye kazi hiyo ikapewa jina kubwa, IANA, lakini kwa muda mrefu IANA ilikuwa ni Postel na wasaidizi wachache, hasa Joyce Reynolds.

Sasa ngoja nieleze kwa nini daftari la namba ni jambo la kufa na kupona. Natoka Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, na kwetu somo hili tunalielewa kwa mchele. Mama akitaka kunitumia kiroba cha kilo 50, anaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito mji ninaosoma, jina langu na namba ya simu, anakipandisha kwenye basi. Njia nzima, kuanzia Makambako mpaka huku, wahudumu wanaangalia jina la mji tu. Mimi hawanijui na hawana haja ya kunijua. Basi likifika stendi ndipo konda anasimama mlangoni na kuita jina kwa sauti, watu wote wanasikia, na anayeitika ndiye anayekabidhiwa. Yaani kuna anwani ya kuvusha safari, na kuna namna ya kumpata mtu mwenyewe safari inapoisha.

Mtandao unafanya hivyohivyo. Namba ya IP ndiyo inayouvusha ujumbe kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Waraka wa namba hizo, ule wa Septemba 1981 unaoziweka kwenye biti 32, yaani anwani kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, mhariri wake ni Postel. Lakini ujumbe ukifika kwenye mtandao wa hosteli, namba ya IP haitoshi. Waya na mawimbi ya hapo ndani vinaitambua kadi ya mtandao ya kila kifaa kwa anwani nyingine, ya MAC, yenye biti 48, ambayo kwa kawaida kadi inatoka nayo kiwandani. Ruta haiijui MAC yako. Inachofanya ni kupiga kelele kwa vifaa vyote vya hapo: mwenye IP hii ajitokeze, aseme MAC yake. Wengine wanakaa kimya, mwenyewe anajibu, ruta inaandika jibu kwenye jedwali lake na kulitunza kwa muda ili isipige kelele kwa kila kipande cha ujumbe. Utaratibu huo unaitwa ARP. Aliyeuandika ni David Plummer wa MIT, Novemba 1982, na ni waraka namba 826 katika mfululizo wa RFC, ambao Crocker aliuanzisha 1969 na Postel akauhariri mpaka mwisho.

Na hapa ndipo penye kidonda. Konda haulizi kitambulisho. Nikiwa mwaka wa kwanza kiroba changu kilichukuliwa na mtu aliyeitika jina langu kabla sijafika stendi. Mama alikuwa amenielekeza nile robo, robo tatu niuze nilipie chumba. ARP nayo haiulizi kitambulisho. Kompyuta yoyote ndani ya mtandao inaweza kuitikia kwa IP isiyo yake, ruta ikaamini, na mawasiliano yako yote yakapita kwanza kwa jirani ambaye humjui. Swichi nzuri zinaweza kuwekewa ulinzi wa kukagua majibu ya namna hiyo, na tovuti zinazosimba mawasiliano zinapunguza hasara, ila utaratibu wenyewe uliandikwa na watu waliofahamiana, waliokuwa wakiitana kwa majina ya kwanza. Uliegemea uaminifu. Postel alikuwa mtu wa aina hiyo. Hata ushauri wake unaojulikana zaidi kwa waandika programu ulikuwa wa kiungwana: unachotuma kifuate kanuni kwa ukali, unachopokea kivumilie.

Namba peke yake hazikumbukiki. Mwanzoni majina yote ya kompyuta yaliwekwa kwenye faili moja lililotunzwa SRI, kila mtu analinakili kwake. Mtandao ukakua, faili likawa mzigo. Postel akampa mwenzake Paul Mockapetris kazi ya kutafuta njia nyingine, na mwaka 1983 ukatoka mfumo wa DNS, ambao haumwachii mtu mmoja kujua kila kitu. Ukiandika anwani ya tovuti ya chuo inayoishia na .ac.tz, swali linakwenda kwanza kwenye seva za mzizi, hizo hazijui chuo chako ila zinajua nani anatunza .tz, yule wa.tz anakusogeza mbele, mpaka unampata mwenye jibu. Kama mgeni anavyouliza njia Rujewa: anaelekezwa kitongoji, kwenye kitongoji anaelekezwa nyumba.

Lakini hiyo .tz ilitoka wapi? Huu ndio uamuzi wa Postel ninaoupenda kuliko yote. Mtu anayegawa majina ya nchi anaweza kujikuta anaamua nani ni nchi na nani siyo, na wapo ambao wangefurahia madaraka hayo. Yeye alikataa. Alichukua orodha ya herufi mbilimbili ya shirika la viwango la ISO, akasema kilichomo kimo, kisichokuwemo si kazi yake. Machi 1994 akaweka masharti kwenye waraka namba 1591: anayekabidhiwa jina la nchi ni mdhamini wa watu wa nchi hiyo, si mmiliki, awatendee waombaji wote sawa, na msimamizi wake awe mkazi wa nchi yenyewe. Kwa taratibu hizo Tanzania iliingizwa mwaka 1995 kwa herufi zilezile zilizokuwa kwenye orodha. Baadaye jina hilo likaja kutunzwa na tzNIC, iliyoanzishwa 2006. Tuliingia kwenye daftari kwa mlango uleule walioingilia wakubwa, na hilo si jambo dogo ukilinganisha na madaftari mengine ya dunia.

Kufika miaka ya tisini, majina yalikuwa yamegeuka pesa. Kampuni ya Network Solutions ilikuwa na mkataba wa serikali ya Marekani wa kusajili majina ya .com, na seva kuu ya mzizi ilikuwa mikononi mwake. Tarehe 28 Januari 1998 Postel aliwaandikia barua pepe waendeshaji wa seva nane za mzizi akiwaomba waache kuchukua nakala kutoka kwa kampuni hiyo, wachukue kutoka IANA. Wakafanya. Hakuna mtumiaji aliyehisi kitu, ila Washington walihisi. Walipomtaka arudishe, alirudisha, akasema lilikuwa jaribio. Mimi naona alijua anachokifanya: alikuwa anaonyesha kwamba watu wale walimtii mtu, si mkataba. Wapo wanaosema alivuka mpaka, na sina ugomvi nao sana, kwa sababu daftari la dunia kukaa kwenye mkono wa mtu mmoja, hata awe mwema vipi, ni kulitundika kwenye moyo wake.

Na moyo wake ulikuwa na matatizo. Mwaka 1991 alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa vali. Mwaka wote wa 1998, mzee huyu wa ndevu ndefu na ndala, mpenda kutembea milimani, alishinda kwenye mikutano ya kuunda chombo cha kurithi kazi yake. Chombo hicho, ICANN, kilisajiliwa tarehe 30 Septemba. Postel alifariki tarehe 16 Oktoba mjini Los Angeles kutokana na matatizo yaliyofuata upasuaji wa moyo, akiwa na miaka 55. Siku hiyo ujumbe uliendelea kufika kama kawaida.

Waraka wa kumkumbuka aliuandika Vint Cerf, yule wa Van Nuys. Ulitoka Oktoba hiyohiyo katika mfululizo wa RFC, ukapewa namba 2468, na uhariri wa mfululizo ukaendelezwa na Joyce Reynolds na Bob Braden palepale ISI.