Samuel Colt, mtu aliyeitia bastola mfukoni

Rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara ambaye hurudi nyumbani usiku akiwa na mauzo ya siku nzima, alinijia majuzi na neno la faragha. Alikuwa amekwisha pata cheti cha kumiliki silaha kama sheria yetu inavyotaka, na sasa alikuwa njia panda. Je, anunue rivolva nyepesi ya mtutu mfupi isiyoonekana chini ya koti, au ile nzito yenye mtutu mrefu?

Mimi si mtaalamu wa silaha, wala sijapata kumiliki hata moja. Lakini kwa muda mrefu nimeyasoma maisha ya Samuel Colt, yule Mmarekani ambaye jina lake limepigwa chapa kwenye bastola nyingi duniani. Nilimwomba rafiki yangu aketi, maana swali lake ni la kale, na Colt alitajirika kwa kulijibu.

Colt alizaliwa mjini Hartford, katika jimbo la Connecticut, tarehe 19 Julai, 1814. Mamake alifariki angali mtoto mdogo. Shuleni hakutulia; moyo wake ulikuwa kwenye baruti kuliko vitabu. Mwaka wa 1830, akiwa na umri wa miaka 16, alipandishwa katika merikebu iliyoitwa Corvo, iliyokuwa ikienda Calcutta, Bara Hindi, ili ajifunze ubaharia. Katika safari hiyo alichonga kwa mti mfano wa bastola yenye silinda ya kuzunguka, kila tundu likiwa na risasi yake. Husimuliwa kwamba alipata wazo hilo kwa kutazama usukani wa merikebu.

Aliporudi, baba yake alimgharimia bastola mbili za majaribio. Moja ilikataa kulia, na ya pili ikapasuka. Kijana hakufa moyo. Alijibandika jina la Daktari Coult, akazunguka mji hadi mji akiwaonyesha watu gesi ya kuchekesha, na viingilio alivyopata akawalipa mafundi wa bunduki. Tarehe 25 Februari, 1836, alipewa nchini mwake hati ya haki ya uvumbuzi wake, akafungua kiwanda katika mji wa Paterson, New Jersey. Lakini wanunuzi walikuwa haba, na mwaka wa 1842 kiwanda kilifungwa.

Wakati huo huo msiba mwingine uliikumba jamaa yake. Mwezi wa Septemba, 1841, kaka yake John aligombana mjini New York na mpiga chapa aitwaye Samuel Adams kwa ajili ya deni la fedha chache. Katika ugomvi huo John alishika kishoka kilichokuwa karibu, akamwua mwenzake, akautia mwili katika sanduku na kulipeleka melini. Kesi yake ilivuma nchi nzima. Samuel mwenyewe aliitwa mahakamani kueleza nguvu za bastola, kwa kuwa kulizuka shaka kama marehemu alipigwa risasi. John alihukumiwa kifo, na siku aliyotakiwa kunyongwa, Novemba 1842, akakutwa amekufa kwa kisu chumbani mwake gerezani. Msomaji, tafadhali uweke moyoni mkasa huu, nitaurudia.

Vita kati ya Marekani na Meksiko vilipozuka mwaka wa 1846, bahati ya Colt iligeuka. Kapteni Samuel Walker, aliyezijua bastola za Paterson, alimtaka atengeneze iliyo kubwa zaidi, na mwaka wa 1847 serikali ikaagiza 1,000. Ilikuwa bastola ya kutisha: mtutu wa inchi 9 na uzito wa kilo 2 hivi. Askari wapanda farasi waliichukua katika mifuko ya tandiko, kwani kiunoni ilikuwa mzigo. Tena, baruti ilipojazwa kupita kiasi, baadhi ya silinda zilipasuka.

Colt aliona upesi kwamba raia hatembei na tandiko la farasi begani. Mtu wa dukani, msafiri wa gari la farasi, na wale waliokuwa wakikimbilia dhahabu ya California walitaka kitu cha kukaa mfukoni. Akatoa bastola ndogo, maarufu kwa jina la Pocket ya 1849, yenye uzito wa karibu theluthi moja ya ile ya Walker. Mitutu yake ilikuwa ya inchi 3 hadi 6. Risasi yake ilikuwa nyembamba na nguvu zake chache, lakini mwenye nayo aliweza kushinda nayo kutwa. Zilitengenezwa zaidi ya 300,000, na katika bastola zote za Colt za wakati ule wa fataki na baruti, hakuna iliyotengenezwa kwa wingi kuishinda.

Hata hivyo mjuzi naye hukosea. Mwaka wa 1855 Rollin White, aliyepata kufanya kazi kwa Colt, alipata haki ya silinda iliyotobolewa kutoka upande hadi upande, ili risasi ziingizwe kwa nyuma. Haki hiyo ilikwenda kwa Smith na Wesson, ambao mwaka wa 1857 walianza kuuza bastola ndogo ya mfukoni. Kiwanda cha Colt kilizuiliwa njia hiyo mpaka 1869. Colt mwenyewe hakuiona siku hiyo. Alifariki tarehe 10 Januari, 1862, akiwa na umri wa miaka 47, tajiri mkubwa. Mjane wake Elizabeth alikishika kiwanda hadi kilipouzwa mwaka wa 1901.

Kiwanda hicho ndicho kilichotoa, mwaka wa 1927, rivolva ya mtutu wa inchi 2 kwa ajili ya wapelelezi, na mwaka wa 1950 kikatoa ndugu yake iitwayo Cobra, yenye kiunzi cha alumini, uzito wake gramu 425 hivi. Hapo nilimweleza rafiki yangu kwamba wepesi nao una bei yake. Kadiri chuma kinavyopungua, ndivyo teke linavyozidi kiganjani. Na mtutu mfupi hukosesha shabaha mkono usiozoea. Ile nzito ni rahisi zaidi kuipigia shabaha, lakini huachwa nyumbani kabatini.

Basi akadhani nimekwisha mchagulia ile nyepesi. Ndipo nikamrudisha kwa John Colt. Ndugu yake alikuwa mtengenezaji wa bastola, lakini yeye aliua kwa kishoka, kwa sababu hasira haichagui. Hushika kilicho karibu. Sifa ya silaha nyepesi ni kwamba huwa nawe kila saa. Itakuwa nawe mwizi atokeapo gizani, na itakuwa nawe mdeni akutukanapo mbele ya wateja.

Rafiki yangu alinyamaza kitambo, kisha akaaga. Sijui atanunua ipi. Mimi nilimwomba kwamba kabla ya kupima uzito wa bastola, kwanza apime hasira zake.